UZI: Sikukuu za Zanzibar, asili yake, na namna ya kujua tarehe kabla ya tangazo

#1 Darajani_Kwetu

Assalaam alaykum wana jukwaa. Kila mwaka ukikaribia kwisha maswali huwa yaleyale: Mapinduzi inaangukia siku gani, Bara nao wanapumzika, Idi ni lini nikate tiketi ya boti. Naufungua uzi huu ili majibu yakae pahala pamoja. Naanza na zenye tarehe isiyohama. Wenye elimu ya mwezi, ya sheria na ya Nairuzi waje wajazie.

Mapinduzi, 12 Januari. Kwa upande wa serikali hakuna kubwa kuliko hii, na Bara pia wanapumzika. Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 12 Januari 1964 zilivamiwa kambi za polisi za Ziwani na Mtoni, silaha zikachukuliwa, na tangazo likatoka redioni Raha Leo kwa sauti ya John Okello, kiongozi wa wavamizi hao. Sultani Jamshid bin Abdullah akaondoka kwa meli, serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte ikaanguka, na Abeid Amani Karume akawa Rais. Anayetaka kuelewa mambo yalifikaje huko aanze na uchaguzi wa Julai 1963. Chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilipata kama asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP (Zanzibar Nationalist Party) ilipata 12 na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 6, wakaungana, wakaunda serikali. Aliyeshinda kwa kura akakaa upinzani.

Tarehe haina utata. Kinachowapiga watu chenga ni kwamba shughuli hazianzi siku hiyo. Shamrashamra huanza wiki kadhaa nyuma: mawe ya msingi yanawekwa, skuli na barabara zinazinduliwa Unguja na Pemba, na Kombe la Mapinduzi linachezwa kipindi hichohicho. Usiku wa tarehe 11 ni mkesha, na fataki hurushwa saa sita usiku. Asubuhi ya 12 ni gwaride, kwa kawaida Uwanja wa Amaan, miaka mingine Gombani kule Pemba. Barabara za karibu na uwanja hufungwa mapema na daladala hubadili njia, kwa hiyo mwenye safari ya uwanja wa ndege atoke na muda wa ziada.

Karume, 7 Aprili. Aliuawa kwa risasi tarehe hiyo mwaka 1972, jioni, katika makao makuu ya ASP Kisiwandui, akicheza bao na wenzake. Kaburi liko hapohapo. Siku hii huwa ni hitma na dua, si ngoma, na inapumzikwa Tanzania nzima.

Muungano, 26 Aprili. Hati za Muungano zilitiwa saini hapa Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964, Karume upande mmoja na Nyerere upande wa pili, na baada ya kuridhiwa Muungano ukaanza tarehe 26. Ni siku 105 tu tangu Mapinduzi. Jina la nchi wakati ule lilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. "Tanzania" lilikuja baadaye mwaka huohuo.

Zilizobaki kwa haraka: mwaka mpya 1 Januari, Mei Mosi, Sabasaba 7 Julai, Nanenane 8 Agosti, Siku ya Nyerere 14 Oktoba (alifariki London tarehe hiyo mwaka 1999), Uhuru 9 Desemba, Krismasi na siku inayofuata.

#2 Mla_Urojo

Shukrani mkuu. Sasa nieleze hili. 9 Desemba ni uhuru wa Tanganyika, 1961. Uhuru wa Zanzibar ni 10 Desemba 1963. Inakuwaje tunalala nyumbani kwa uhuru wa jirani, halafu kesho yake, siku yetu wenyewe, tunakwenda kazini?

#3 Darajani_Kwetu

Nilijua litakuja, na limekuja mapema.

Tarehe 10 Desemba 1963 Uingereza ilimaliza himaya yake iliyoanza 1890. Tarehe 16 Zanzibar ikaingia Umoja wa Mataifa, siku moja na Kenya. Kutoka 10 Desemba mpaka 12 Januari ni siku 33, na hapo ndipo penye mzozo. Msimamo wa Serikali ya Mapinduzi ni kwamba uhuru ule ulimwacha sultani akiwa mkuu wa nchi, wenye nchi hawakupata kitu, kwa hiyo uhuru wa kweli ni Mapinduzi. Ukiadhimisha tarehe 10 unatia doa tarehe 12. Wanaopinga wanajibu kwamba bendera ilipanda, kiti cha Umoja wa Mataifa kilipatikana, na tukio halifutiki kwa kutoandikwa kwenye kalenda.

Kikalenda jibu ni fupi: 10 Desemba si sikukuu. 9 Desemba inapumzikwa kwa sababu ni sikukuu ya Jamhuri ya Muungano, na Tanganyika ni mmoja wa wazazi wake wawili. Mimi naona wangalau watoto wa skuli wafundishwe tarehe zote mbili bila kupigizana kelele, lakini hilo ni langu.

#4 BintiWete

Na kabla ya Tanganyika, 9 Desemba ilikuwa na uzito wake Unguja. Seyyid Khalifa bin Harub alishika kiti tarehe 9 Desemba 1911, miaka 50 kamili kabla ya uhuru wa Bara. Jubilei yake ya miaka 25 ikawa 9 Desemba 1936, na wakusanyaji wa stempu wanaijua kwa stempu zilizotolewa kuiadhimisha. Sadfa tupu, ila ukikuta karatasi ya zamani ya Unguja inazungumzia sherehe za 9 Desemba, usikimbilie kudhani ni za Nyerere.

#5 Mfunguo_Sita

Waalaykumu salaam. Nije kwenye zinazohama.

Hesabu ya wazee wetu ndiyo njia nyepesi ya kuzishika. Miezi yetu inahesabiwa kuanzia kufungua baada ya Ramadhani: mfunguo mosi, mfunguo pili, mfunguo tatu, mpaka mfunguo tisa, kisha Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Basi Idi ndogo ni tarehe 1 mfunguo mosi. Idi kubwa ni tarehe 10 mfunguo tatu. Maulidi ni tarehe 12 mfunguo sita. Ukishajua mwezi wa leo ni mfunguo wa ngapi, umeshajua umbali wa sikukuu inayofuata bila kufungua simu.

Kukisia tarehe ya mwakani: chukua ya mwaka huu, rudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, wa jua 365. Mfano, Idi ndogo ya 2024 ilikuwa 10 Aprili, ya 2025 ikawa 31 Machi. Rudi tena siku 10 au 11 unapata 21 au 20 Machi 2026. Mwaka wenye 29 Februari katikati hurudi siku 11 au 12. Usiporidhika na siku moja ya shaka, hiyo ni shida yako na mbingu.

Sasa kosa wanalofanya watu wa mipango. Idi ndogo na Idi kubwa hazina kiwango kimoja cha shaka. Idi ndogo unaijua usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa sababu mwezi unatazamwa jioni ya tarehe 29 Ramadhani. Ukionekana, kesho Idi. Usipoonekana, mnakamilisha 30. Idi kubwa unaijua siku tisa kabla, kwa sababu mwezi unaotazamwa ni wa kuanza mfunguo tatu na Idi yenyewe ni tarehe 10. Kwa hiyo harusi, safari au mkutano ukiuweka jirani na Idi ndogo bila siku ya akiba, umejitakia.

Utaratibu wa kutangaza: walioona mwezi wanapeleka habari kwa sheha au kwa viongozi wa dini walio karibu, habari inapanda juu, shahidi anaulizwa aliuona wapi, saa ngapi, pembe zimeelekea wapi, na walikuwa wangapi. Tangazo linatoka kwa Mufti wa Zanzibar, ambaye ofisi yake ina sheria yake, Nam. 9 ya 2001. Pembe ndizo zinazowaumbua mashahidi wengi. Sehemu ya mwezi mwandamo inayong'aa hutazama lilikozama jua. Anayekwambia kauona ukiwa umelipa jua mgongo, huyo kaona kitu kingine.

Kinachoharibu zaidi ni mawingu. Idi ikiangukia Machi mpaka Mei ni masika, na upeo wa magharibi unaweza kufunga jioni zote mbili. Ndiyo maana habari ya Pemba, au ya Mtwara, au ya Lamu, inaweza kumaliza mjadala wa mjini.

Kabla ya kwenda kuswali Idi ndogo, zaka ya fitri iwe imeshatoka: pishi moja kwa kila kichwa ndani ya nyumba, mtoto mchanga naye anahesabiwa. Pishi ni vibaba vinne, na kwa mchele watu hukadiria kilo mbili na nusu, wenye kujihadhari hutoa tatu. Ikitolewa baada ya swala inakuwa sadaka ya kawaida.

Idi kubwa nayo ina hesabu zake. Mbuzi ni wa mtu mmoja na watu wa nyumba yake, ng'ombe wanaweza kushirikiana mpaka watu saba. Mbuzi awe ametimiza mwaka, ng'ombe miwili. Chongo, kiguu, mgonjwa au aliyekonda mpaka mifupa imetoka hafai. Uchinjaji unaanza baada ya swala, na muda unakwisha jua likizama tarehe 13. Kila mwaka kuna wanaochinja alfajiri ili wawahi kupika. Nyama ni halali, kuchinja hakukuhesabika.

#6 Mla_Urojo

Sheikh, na hili la nyumba moja kuwa na Idi mbili? Baba anaswali leo, kijana kaswali jana.

#7 Mfunguo_Sita

Ni misimamo miwili ya fiqhi, yote ina wanazuoni wake. Mmoja unasema ukionekana mahali popote duniani umewaingia wote, na wanaoushika hapa husikiliza tangazo la Saudia. Mwingine unasema kila nchi au kila upeo una mwezi wake. Tangazo la serikali linafuata mwezi wa huku kwetu, na mapumziko ya kazi yanafuata tangazo la serikali.

Chukua 2025 uone tofauti inavyotokea. Jumamosi 29 Machi mwezi uliandama kwa hesabu ya falaki, yaani ulipita kati ya dunia na jua, saa 7:58 mchana kwa saa zetu, na siku hiyohiyo jua lilipatwa sehemu ya kaskazini ya dunia. Jua lilizama Unguja karibu na saa 12 na nusu jioni. Kwa hiyo mwezi ulikuwa na umri wa saa nne na nusu tu, umegandana na jua. Jicho haliuoni, na darubini ya kawaida pia haiuoni. Saudia walitangaza Idi Jumapili 30 Machi, na waliofuata huko waliswali siku hiyo. Jioni ya Jumapili mwezi ulikuwa na zaidi ya saa 28, uko juu vya kutosha, na huku wengi wakaswali Jumatatu 31 Machi.

Ukitaka kujipima mwenyewe mwakani, tafuta vitu viwili tu kwenye jedwali lolote la falaki: saa ya kuandama, na dakika zinazopita kati ya kuzama jua na kuzama mwezi. Zikiwa chini ya dakika 30, usitegemee. Zikifika 45 na zaidi na mbingu ni nyeupe, hata mtoto atakuonesha.

#8 HatiNaSheria

Niingie kwa upande wa kazi, maana hapa ndipo watu wanapodhulumiana kwa kutojua.

Kazi na ajira si mambo ya Muungano. Fungua nyongeza ya Katiba ya Jamhuri yenye orodha ya mambo ya Muungano, yako 22: utakuta ulinzi, uraia, sarafu, posta, polisi na mengineyo. Ajira haimo. Matokeo yake ni kwamba mfanyakazi wa hoteli ya Nungwi analindwa na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Nam. 11 ya 2005. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni ya Tanzania Bara. Kila wiki humu ndani mtu ananukuu kifungu cha 25 cha sheria ya Bara, kile kinachosema saa ya sikukuu inalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi, halafu anakwenda nacho kwa mwajiri wa Unguja. Mwajiri mwenye mwanasheria anamrudisha mlangoni. Anza na mkataba wako, kisha sheria ya Zanzibar, kisha Kamisheni ya Kazi.

Yanayozaa ugomvi mara nyingi ni haya. Kwanza, mkataba umeandikwa "sikukuu za kitaifa" bila kusema za nani wala kuzitaja. Mwandishi wa mkataba aambatanishe orodha yenye tarehe, na kwa zinazofuata mwezi aandike "kwa mujibu wa tangazo la serikali". Pili, zamu za usiku. Anayeingia saa nne usiku wa tarehe 11 Januari na kutoka asubuhi ya 12 amefanya kazi saa mbili za siku ya kawaida na zilizobaki ni za sikukuu. Kadi ya mahudhurio ikionesha "tarehe 11" peke yake, saa zake zimeliwa. Tatu, Idi ya jana na ya leo. Aliyeswali na Saudia anataka ruhusa siku moja, tangazo liko siku nyingine. Siku ya tangazo ndiyo mapumziko. Ile nyingine anaombea likizo yake ya mwaka, na mwajiri mwenye busara anampa.

#9 Kaekuu

Mmetaja za serikali na za dini, sasa niwape isiyokuwemo kwenye orodha yoyote ya mapumziko lakini ni kongwe kuliko karibu zote: Mwaka Kogwa, Makunduchi.

Asili ni Nairuzi, mwaka mpya wa Wafursi, uliofika kwa bahari na kuwa hesabu ya manahodha na wakulima wa mwambao. Mwaka una siku 365. Unagawiwa miongo 36, kila mwongo siku kumi, jumla 360. Zinabaki tano, zinaitwa gatha. Waparsi wa Bombay wanazo siku tano hizohizo mwisho wa mwaka, na jina ni hilohilo. Nahodha hakuwa na haja ya kujua Januari wala Februari. Alijua mwongo wa ngapi upepo unageuka, mkulima alijua mwongo wa ngapi masika yanaingia.

Watu wanauliza: kama ni Nairuzi, mbona Iran ni 20 au 21 Machi na Makunduchi ni Julai? Kwa sababu hesabu yetu haina 29 Februari. Kila miaka minne inateleza siku moja kurudi nyuma, karibu siku 24 kwa miaka mia. Iran waliifunga ya kwao kwenye usiku na mchana kuwa sawa. Huku iliachwa itembee, nayo imetembea karne kwa karne.

Siku yenyewe iko hivi. Watu wanakusanyika uwanjani, kaskazini upande mmoja na kusini upande wa pili, wanapigana kwa mapande ya mgomba. Mgomba ni laini, umejaa maji, unaumiza heshima kuliko ngozi, na aliyekuwa na kinyongo na mwenzake anakimalizia pale. Wanawake wanazunguka kwa nyimbo za kufumbana, wamevaa kanga mpya. Kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto: mwenye kazi yake anaingia ndani, moto unawashwa, anatoka mbio upande wa pili. Watu wanakwenda kuoga bahari, wanakula, na kila nyumba inataka ipate mgeni wa kulisha. Nyumba isiyokuwa na mgeni siku hiyo inajiona imepungukiwa.

Kwa wanaotaka kuja: usichukue tarehe ya mwaka jana mitandaoni ukakata tiketi. Siku ni ya Makunduchi, si ya wakala wa utalii. Piga simu huko mwanzoni mwa Julai. Na vaeni mavazi ya stara, mmekuja kijijini.

#10 BintiWete

Nakubaliana na hesabu, ila usiifanye ya Makunduchi peke yenu, ami. Miongo ilihesabiwa mwambao mzima na Pemba pia. Makunduchi mmebaki na sherehe kubwa, wengine wamebaki na hesabu bila sherehe.

#11 Kaekuu

Sikatai, bibie. Hesabu ni ya wote. Mgomba ni wetu.

#12 Pwani_Mchangani

Na za Wakristo? Naona mmeziruka, na wageni wa hoteli wanaziulizia kuliko zote.

#13 Darajani_Kwetu

Haki yako. Nne: Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na 26 Desemba. Waislamu ndio wengi kabisa visiwani, lakini zote nne zinapumzikwa.

Krismasi ina historia yake hapahapa mjini. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa Juni 1873 baada ya mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Jiwe la msingi la kanisa la Anglikana liliwekwa mahali pale siku ya Krismasi mwaka huohuo, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877, chini ya Askofu Edward Steere. Wakatoliki wanakusanyika Minara Miwili, Shangani.

Pasaka nayo inategemea mwezi, ila kwa hesabu isiyosubiri shahidi: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada yake, kwa hiyo haiwezi kutoka nje ya 22 Machi na 25 Aprili. Rudi siku mbili upate Ijumaa Kuu. Hapo inagongana na Karume. Mwaka 2026 Pasaka ni 5 Aprili, Ijumaa Kuu ni tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na Jumanne tarehe 7 ni Karume. Siku tano mfululizo, Ijumaa mpaka Jumanne, bila kugusa likizo yako. Kisha mwaka huohuo unakulipiza: Muungano inaangukia Jumapili na Nanenane Jumamosi.

#14 Pwani_Mchangani

Hapo ndipo hesabu ya boti na chakula inapoanza. Niongeze kwa wenye biashara.

Siku tano zikifuatana, benki na ofisi zinafungwa, kwa hiyo mishahara na malipo ya wauzaji yakamilike Alhamisi kabla ya saa nane. Mzigo ulioko bandarini Malindi usiogombolewa Alhamisi, uhesabu unakaa mpaka Jumatano, na gharama za kuhifadhi zinatembea. Samaki na mboga haziathiriki sana, Darajani haifungi kabisa. Kinachokosekana ni nyaraka: muhuri, hundi, kibali.

Idi ni tofauti. Asubuhi ya sikukuu mosi hakuna duka, hakuna teksi, hakuna fundi mpaka watu watoke kuswali na wale. Mchana mji unafunguka kidogo. Jioni watoto wamejaa viwanja vya sikukuu, Mnazi Mmoja na Kariakoo, na hilo linaendelea sikukuu pili, tatu na nne hata kama ofisi zimeshafunguliwa. Boti za Pemba zinajaa siku tatu nne kabla ya Idi, na za kurudi zinajaa sikukuu nne. Anayesubiri tangazo la mwezi ndipo akate tiketi anabaki gatini. Kata tiketi ya siku mbili kabla ya tarehe ya mapema inayokisiwa, na ya kurudi iwe siku tano baada ya ile ya mwisho. Shaka ya siku moja inamezwa hapo.

#15 Mfunguo_Sita

Na kwa wanaopanga mbali, angalieni Januari za mbele. Kwa hesabu, Mapinduzi ya 2031 na ya 2032 zitaangukia ndani ya Ramadhani, kama ilivyokuwa 1999. Gwaride la asubuhi kwa watu waliofunga, jua la Januari, ni kazi. Idi ya 2032 inakisiwa 14 Januari au karibu yake, siku mbili tu baada ya Mapinduzi. Na 2033 utakuwa mwaka wenye Idi ndogo mbili: moja siku za mwanzo za Januari, nyingine karibu na 23 Desemba, inagusana na Krismasi.

Kwa kumbukumbu tu, 12 Januari 1964 yenyewe ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani. Mwezi uliandama katikati ya wiki iliyofuata.

#16 Mla_Urojo

Kubwa sana hii. Swali la mwisho: Sabasaba. TANU haikuwa chama cha Zanzibar. Tunapumzikia nini?

#17 Darajani_Kwetu

TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, Bara. Chama cha huku kilikuwa ASP, kilichozaliwa 5 Februari 1957. Vilipoungana mwaka 1977, CCM ikachagua kuzaliwa 5 Februari, tarehe ya ASP, yaani ya Zanzibar. Leo 5 Februari ni siku ya chama tu na watu wanakwenda kazini, na Sabasaba imebaki sikukuu kwa jina la biashara, na maonesho yake Dar es Salaam. Tamasha la biashara la Zanzibar linafanyika Januari, pamoja na shamrashamra za Mapinduzi. Nanenane ina uhai zaidi kwetu, kwa sababu wakulima wana maonesho yao Dole Kizimbani, na huko unapata miche ya karafuu na mbegu.

Nitaweka tarehe za mwakani hapa chini Desemba. Za mwezi nitaziandika kwa penseli.